Tabiri Kwanza, Kisha Tazama: Kwa Marubani Wanaoanza Safari Ndefu

Wadogo zangu mnaoingia hatua ya safari ndefu, nawaandikia hasa ninyi mlioshika njia ya leseni ya urubani wa kibiashara. Kurusha ndege na kuitua mmekwisha jua. Sasa mnakabidhiwa ramani, penseli na saa, mnaambiwa mwende mbali, mahali ambapo uwanja wenu hauonekani hata mkipanda juu kiasi gani. Nimefundisha hatua hii kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni hili: mwanafunzi anatazama chini, anaona mji, kisha anaanza kuutafuta mji huo kwenye ramani. Inatakiwa iwe kinyume chake. Unaanza na saa, saa inakupeleka kwenye ramani, ramani ndiyo inakuambia ardhini utafute nini.

Najua uchungu wa kosa hilo kwa sababu nililifanya mwenyewe, tena katika safari yangu ndefu ya peke yangu. Kipande cha kwanza kilikuwa maili za baharini 28. Kwa kasi ya noti 100, yaani maili 100 kwa saa, nilitakiwa niwe juu ya mji wa kwanza dakika ya 17, na niliandika hivyo kwenye karatasi ya safari niliyoifunga pajani. Dakika ya 12 nikaona mji mbele kidogo upande wa kushoto. Una mto, una reli, una daraja. Kwenye ramani mji wangu nao ulikuwa na mto, reli na daraja. Nilifurahi sana, nikatia alama ya vema, nikageuza ndege kuelekea kipande cha pili.

Hebu fanya hesabu ambayo mimi sikuifanya. Maili 28 kwa dakika 12 ni kasi ya noti 140. Ili ndege yangu ifike kasi hiyo ingehitaji upepo wa nyuma wa noti 40, na utabiri niliouchukua asubuhi ile ulisema noti 8. Saa ilikuwa inanipigia kelele na mimi sikusikia, kwa kuwa macho yalishapata yalichotaka. Nilitaka mji, nikapata mji. Na tofauti zilikuwepo. Kwenye ramani reli ilipita kusini mwa mto, chini ya bawa langu ilipita kaskazini. Niliiona. Nikajiambia labda mchoraji wa ramani alikosea.

Dakika 20 baadaye ziwa nililolitarajia halikuwepo, mahali pake pakawa na vilima. Nilifanya jambo moja la maana siku ile: nilipanda juu, nikashika redio nikasema wazi kwamba sijui nilipo. Mwongoza ndege akanipa namba ya kuweka kwenye transponda, yaani chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, akaniona, akanipa mwelekeo wa kurudi njiani. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, bila hata chembe ya lawama. Ukipotea, sema mapema, mafuta yakiwa bado mengi na mwanga upo. Hakuna anayekuona mjinga. Wenye kuongoza ndege wanaogopa zaidi yule aliyenyamaza.

Ndiyo maana namwambia kila mwanafunzi: kabla hujatazama nje, sema kwa sauti utakachokiona. «Dakika ya 17, mji, upo kulia kwangu, mto unatoka kaskazini, reli inapita kusini mwa mto, barabara mbili zinakutana upande wa mashariki.» Kisha tazama. Vitu vitatu vikikubaliana, tia alama. Kimoja kikikataa, usikibembeleze. Shikilia mwelekeo uleule, subiri alama inayofuata. Ndege inayoruka mwelekeo sahihi kwa muda sahihi haiwezi kuwa mbali sana na inakotakiwa kuwa, lakini ndege iliyogeuzwa juu ya mji usio wake inaweza kuwa popote.

Kazi kubwa ya safari hufanyika mezani. Chora mstari, pima pembe, kisha ubadilishe kutoka kaskazini ya kweli kwenda kaskazini ya sumaku. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Tofauti ya sumaku, yaani pembe kati ya kaskazini hizo mbili, ikiwa magharibi unajumlisha, ikiwa mashariki unatoa. Ukiigeuza, kosa halibaki vilevile, linakuwa mara mbili: tofauti ya nyuzi 6 iliyowekwa upande usio wake inakupotosha nyuzi 12. Na kanuni ya moja kwa sitini inasema kila nyuzi moja ya kosa ni maili moja nje ya njia baada ya maili 60. Kwa hiyo utakuwa maili 12 pembeni, na mji uliokuwa uuone dirishani umezama kwenye ukungu wa mbali. Ukimaliza hesabu, weka kidole kwenye ramani ujiulize swali la kitoto kabisa: naenda upande gani? Kaskazini-mashariki? Basi mwelekeo lazima uwe kati ya 000 na 090. Asubuhi jua lipo wapi? Litanipiga usoni au mgongoni?

Msidhani swali hilo ni la wanaoanza tu. Mwezi Septemba 1989, nchini Brazili, Boeing 737 iliondoka Marabá jioni kwenda Belém, safari isiyofika saa moja. Mpango wa safari uliochapwa ulionyesha mwelekeo kwa tarakimu nne, 0270, tarakimu ya mwisho ikiwa ya sehemu ya kumi, maana yake nyuzi 27. Kapteni alisoma 270. Msaidizi wake aliporudi kutoka kukagua ndege nje, alitazama chombo cha kapteni akaweka vivyo hivyo, bila kufungua karatasi yake. Belém ipo kaskazini, ikielekea kidogo mashariki. Wao wakaruka magharibi, jua likiwa linazama mbele ya vioo vyao. Waliruka zaidi ya saa 3, mafuta yakaisha, wakashuka gizani katika msitu wa Amazon, na baadhi ya abiria wakafariki. Wale walikuwa marubani wenye uzoefu, na ndege yao ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema kabla ya kuondoka: jua litakuwa kushoto kwetu.

Kwa hiyo mkiwa wawili, kila mtu asome kutoka kwenye karatasi, asisome kutoka kwa mwenzake. Katika ndege za kibiashara utakuwa na mwenzako kila siku, na heshima ya kweli kwa kapteni ni kumpa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Nikirudi kwenye kanuni ya moja kwa sitini: ifanye iwe mazoea ya kichwani, bila kalamu. Umeruka maili 30, umegundua upo maili 2 kulia kwa njia. Kosa lako ni nyuzi 4. Zimebaki maili 60, basi kufunga pengo hilo la maili 2 unahitaji nyuzi 2 nyingine. Geuza kushoto nyuzi 6, ndipo mstari utakutana na uwanja. Mwanafunzi asiyejua hesabu hii hugeuza kwa kukisia, mara nyuzi 20 huku, mara 15 kule, na baada ya nusu saa hana mwelekeo wowote anaoweza kuuamini. Rekebisha mara moja, kwa namba, uandike dakika uliyorekebisha.

Na upepo nao una hesabu yake ya kichwani. Gawanya kasi ya upepo kwa kasi ya ndege, zidisha kwa 60, umepata msukumo mkubwa kabisa unaowezekana, yaani nyuzi ambazo upepo unaweza kukusogeza pembeni. Upepo wa noti 20 kwa ndege ya noti 100 ni nyuzi 12. Ukikujia kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye pua, chukua nusu yake, nyuzi 6. Ukikujia kwa nyuzi 60 na kuendelea, chukua karibu zote. Mtahini atakapokuambia ghafla kwamba uwanja unaoendea umefungwa, hesabu hii ndiyo itakayokuokoa, kwa sababu hapo huna meza wala rula. Kwanza rusha ndege. Geuka takriban upande unaotakiwa ukianzia juu ya alama unayoijua kwa hakika, andika dakika, halafu ndipo uchore mstari kwa mkono na kupima umbali kwa kidole gumba ulichokwisha kukipima nyumbani dhidi ya ramani. Nimewaona wengi wakiinamia ramani dakika mbili nzima huku bawa moja likishuka taratibu na mwinuko ukipotea futi 300. Mstari wao ulikuwa mzuri sana. Walishindwa mtihani.

Upepo una udanganyifu mwingine ambao watu wazima kabisa wanauamini: kwamba ukienda na kurudi, unachokunyang'anya wakati wa kwenda unakurudishia wakati wa kurudi. Haurudishi. Maili 120 kwenda na 120 kurudi, kwa noti 100 bila upepo, ni saa 2 na dakika 24. Weka upepo wa noti 20: kwenda kwa noti 80 ni saa 1 na dakika 30, kurudi kwa noti 120 ni saa 1. Umepoteza dakika 6, kwa kuwa upepo wa mbele umekaa nao muda mrefu kuliko wa nyuma. Safari ikiwa ndefu zaidi, dakika hizo hutoka kwenye akiba yako. Na akiba ya kimataifa kwa ndege ndogo inayoruka kwa kuona ni dakika 30 mchana na 45 usiku. Ichukulie kama mafuta ambayo hayamo tangini.

Hapohapo ndipo mahali pa uamuzi panapokuja. Tuseme unavuka maili 300 za maji au msitu, upepo wa mbele unakupunguza hadi noti 90, na ukigeuka utarudi kwa noti 130. Injini ikianza kutetemeka, ni wapi ambapo kuendelea na kurudi ni sawasawa? Wengi hujibu maili 150. Siyo. Zidisha 300 kwa 130, gawanya kwa jumla ya 90 na 130, unapata maili 177. Kutoka hapo, kurudi ni saa 1 na dakika 22, na kuendelea ni saa 1 na dakika 22. Kwa hiyo ukiwa maili 165, umeshapita nusu ya umbali, na bado njia ya haraka ya kufika ardhini ni kurudi. Ukisubiri tatizo ndipo upige hesabu hii, utageuka upande usiofaa. Tia alama kwenye ramani kabla ya kuwasha injini.

Kuhusu dira ya jairo, ile inayotegemea gurudumu linalozunguka kwa kasi badala ya sumaku, nitasema kwa ufupi: inahama taratibu, ilinganishe na dira ya sumaku kila baada ya dakika 10 au 15, mabawa yakiwa sawa na kasi haibadiliki. Ukiilinganisha ukiwa kwenye kona umeharibu badala ya kutengeneza. Na usiweke simu, tochi wala vipokea sauti karibu na dira ya sumaku. Mwanafunzi wangu mmoja aliweka vipokea sauti vya akiba juu ya dashibodi, dira ikapinda nyuzi nyingi tu, na akailinganisha jairo kwa uaminifu mkubwa na dira iliyodanganywa.

Mtaniuliza, kwa nini haya yote wakati kuna GPS? Itumieni, ni chombo kizuri mno. Lakini huonyesha ulipo na haijui ulikokusudia kwenda, na jina la alama likiingizwa kimakosa itakupeleka huko kwa usahihi wa ajabu. Isitoshe, kuvurugwa kwa mawimbi yake kumekuwa jambo la kawaida katika maeneo ya vita miaka hii. Marubani wanaovuka Atlantiki ya Kaskazini, wenye mitambo zaidi ya mmoja inayokaguana, bado wanaandika mahali ndege ilipo kama dakika 10 baada ya kupita kila alama, kuona kama kweli imeshika njia iliyoidhinishwa. Hiyo ni desturi ileile ya karatasi yenu ya pajani.

Viwango vya kimataifa vya leseni ya biashara vinataka saa 20 za safari za mbali ukiwa wewe ndiye rubani mkuu, na ndani yake safari moja isiyopungua maili za baharini 300 yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wengine wanaziona kama saa za kukamilisha daftari. Wanaweka mstari kwenye GPS, wanaifuata kama reli, wanarudi na saa zao. Naomba msifanye hivyo, maana hizo ni saa chache sana na hazirudi. Zima skrini kipande kimoja, mkufunzi wako akijua na akikubali. Andika dakika. Sema kwa sauti utakachokiona. Ukikosea kwa dakika tatu, tafuta dakika hizo zilikwenda wapi: ni upepo, ni mwelekeo, au ulichelewa kugeuka? Niletee karatasi hiyo ikiwa imejaa masahihisho ya penseli, tutakaa nayo mezani kipande kwa kipande. Karatasi safi isiyo na sahihisho hata moja hunifanya niulize maswali mengi zaidi.