Kijiko kimoja, chupa za saizi mbili

SWALI: Shikamoo mama. Nilipika bia nyumbani, lita 20. Ilipoacha kutoa mapovu nilitia kijiko cha chai cha sukari katika kila chupa, nikajaza bia na kubana vizibo. Baadhi ya chupa ni za mililita 500, nyingine 330. Usiku wa tisa chupa tatu zikapasuka kabatini, zote ndogo. Nikafungua kubwa mbili: moja ilimwaga povu hadi nusu, nyingine haina gesi kabisa. Bia ni ileile, sukari ileile. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hatujaenda popote, chupa ndogo zilizobaki usizishike mikono mitupu. Vaa glovu nene na miwani, zifunge taulo zito, uzihamishie kwenye friji bila kuzitikisa. Baridi hushusha presha na kuilaza hamira. Baada ya siku mbili zifungue moja moja, taulo likiwa bado juu. Wakati mmoja chupa ilinipasukia nikiwa chumba cha pili, na nikakuta kipande cha kioo kimechoma mlango wa kabati, kimo cha uso wa mtoto. Tangu siku hiyo sitii sukari bila mizani.

Sasa hesabu. Hamira iliyobaki ndani ya bia hula sukari uliyoongeza na kutoa gesi, na kwa kuwa kizibo kimefungwa, gesi hiyo huyeyukia ndani ya bia. Kwa bia ya kawaida gramu 6 za sukari kwa lita zinatosha. Yaani chupa ya 500 inataka gramu 3, ya 330 inataka gramu 2 tu. Kijiko cha chai kikiwa sawasawa kinabeba kama gramu 4, kikiwa na kilima hupita 5. Chupa zako ndogo zilipata zaidi ya mara mbili ya haki yake! Hizo kubwa nazo zilizidishiwa, ila zilikuwa na nafasi ya kuvumilia.

Hiyo isiyo na gesi, ionje. Ikiwa tamu, hamira haijala sukari, labda chupa ilikaa mahali pa baridi. Irudishe kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 uisubiri. Ikiwa si tamu, gesi ilitengenezwa ikapenya kwenye kizibo kilichobanwa vibaya.

Kuna jambo lingine katika barua yako linalonitia wasiwasi. Kuacha kutoa mapovu si ushahidi kwamba bia imemaliza kuchacha. Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki. Namba ikibaki palepale siku tatu mfululizo, hapo ndipo ufikirie chupa. Ukiwahi, sukari ya asili iliyobaki hujumlika na ile ya kwako, na hapo hata mizani haikuokoi.

Safari ijayo achana na kijiko. Kwa lita 20 pima gramu 120, zichemshe dakika chache katika maji kama mililita 300, ziache zipoe. Mimina sharubati hiyo kwenye ndoo safi iliyotakaswa, kisha ivute bia kwa mpira juu yake, ncha ya mpira ikiwa chini ili bia isirukeruke na kuingiza hewa. Mashapo yaache kwenye chombo cha kwanza. Koroga taratibu mara chache. Kila chupa, kubwa au ndogo, itapata fungu lake lenyewe. Acha sentimita 3 hivi juu, na tumia chupa nzito zilizotengenezwa kwa bia, zisizo na ufa.

Chupa moja iwe ya plastiki ya soda. Iminye kila siku: ikishakuwa ngumu kama jiwe, kwa kawaida wiki mbili, zote zipeleke kwenye friji.