Muulize Karani: "Arusha mtu anaenda tu?"

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwezi uliopita mdogo wangu alikamatwa, akalala mahabusu siku 11 bila kufikishwa mahakamani. Ameachiwa, kosa hakuambiwa. Jirani anasema Arusha kuna Mahakama ya Afrika, mtu anaenda tu. Ni kweli?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni. Jirani yako habari zake ni za zamani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo kweli, ila raia huishtaki nchi yake pale tu nchi hiyo iliporidhia kwa tamko maalumu. Tanzania ilitoa tamko 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na tangu 22 Novemba 2020 kesi mpya za raia hazipokelewi. Rwanda walitutangulia, 2016. Mahakama iko kwetu, sisi wenyewe tuko nje ya geti!

Lakini hapa hapa Arusha ipo Mahakama ya Afrika Mashariki. Hiyo unaingia bila tamko la serikali, wala hulazimiki kuanzia mahakama za nyumbani. Ila usiandike tu "haki zangu zimevunjwa". Andika kwamba serikali imevunja Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 6(d) na 7(2), zinazotaja utawala wa sheria. Njia hiyo ilipasuliwa 2007 na kesi ya Katabazi, baada ya askari kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwarudisha gerezani watu waliokwisha kupewa dhamana.

Kinachowaua wengi ni tarehe. Ibara ya 30(2) ya Mkataba huo inatoa miezi miwili ya kufungua kesi, basi. Shirika moja la Kenya lilipeleka madai ya mateso na mauaji ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008. Mwaka 2012 majaji wa rufaa wakalitupa shauri kwa kuchelewa.

Nilipokuwa karani wa wakili alikuja baba mmoja na karatasi zake kwenye rambo (enzi hizo rambo ruksa), zimepangwa vizuri mpaka tiketi za basi. Nikahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani: siku ya 68. Nilimwagizia chai kwanza, ndipo nikamwambia.

Kwa hiyo muone wakili wiki hii. Hela ikiwa shida, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada wa kisheria. Na siku usizihesabu kuanzia alipoachiwa. Anzia alipokamatwa.