Kabla ya kuomba siku za nyutroni, tafuta sifuri yako

Springi niliyoipeleka Ulaya ilitoka kwenye Fuso ya mjomba, iliyokuwa ikibeba mahindi kutoka Kibaigwa kuja Dodoma mjini. Jani la pili lilikatika kwenye tuta, tena siku hiyo gari halikuwa limejaza. Fundi wa Kizota aliligeuzageuza mkononi akasema, "Hii imechoka." Wahandisi nasi tunaliita hivyo hivyo, uchovu wa chuma: mzigo ambao jani lingeubeba mara moja bila tabu hulivunja ukirudiwa mara laki kadhaa.

Jani hilo nililipeleka kwenye maabara kubwa inayopima vyuma kwa nyutroni, chembe ndogo zilizo ndani ya kiini cha atomi. Maabara ya namna hiyo hukupa siku chache tu, tena kwa kuomba. Wanafunzi wa uhandisi wakinijia kutaka kujua jinsi ya kuandika ombi hilo, huwa nawarudisha kwenye kosa langu.

Nyutroni haina chaji, ndiyo maana hupenya sentimita kadhaa ndani ya chuma, wakati eksirei za maabara ya kawaida huishia kwenye ngozi yake. Ikikutana na tabaka za atomi, hutoka kwa pembe inayotegemea nafasi iliyopo kati ya tabaka hizo. Chuma kikivutwa, nafasi inapanuka na pembe inabadilika. Kwa hiyo unaweza kukifunga kipande kwenye mashine, ukakivuta na kukikandamiza mara nyingi, huku ukiangalia kinachotokea ndani bila kukipasua. Kwangu mimi utamu wote uko kwenye punje, yaani fuwele ndogo ndogo zilizoshikana kufanya chuma. Fuwele moja ya chuma ikivutwa upande mmoja huwa ngumu takriban mara mbili kuliko ikivutwa upande mwingine, kwa hiyo punje zilizolala tofauti hazigawani mzigo sawasawa. Tena hazilegei pamoja, yaani hazianzi kwa wakati mmoja kunyooka bila kurudi: zinazotangulia kulegea zinaacha mzigo, zile ambazo bado zinabebeshwa zaidi, na ukiutoa mzigo zinabaki zinavutana. Johann Bauschinger aliona karne ya 19 kwamba chuma kilichovutwa hadi kikalegea huwahi kulegea kikigeuziwa mzigo. Huko kuvutana kwa punje ni sehemu ya sababu.

Sasa kosa. Mkulima wa Kibaigwa hakubali gunia lake lipande mizani kabla hajaona mshale umekaa sifuri. Mimi na digrii yangu nilifunga kipande cha springi, nikapima kabla ya kukivuta, nikaandika: hapa ndipo sifuri, yaani nafasi ya atomi chuma kikiwa hakina mzigo. Nilisahau kwamba jani la springi hupashwa moto, huzimwa ghafla kwenye mafuta, na mengi hupigwa gololi ndogo usoni ili yadumu. Mikazo ya kazi yote hiyo, yaani kuvutana na kusukumana kulikobaki ndani ya chuma, haikuwa imetoka. Sifuri yangu ilikuwa na mzigo tayari.

Usidhani ni jambo dogo. Ukikosea nafasi ya atomi kwa sehemu moja tu katika 10,000, umekosea mkazo kwa megapaskali (kipimo cha mkazo) 20 hivi. Ukikosea moja katika 1,000 ni zaidi ya 200, na nondo laini ya kawaida hulegea kwenye 250. Siku nilizopewa ziliisha nikiwa na michoro mizuri isiyosema kitu.

Kwa hiyo kata mchemraba wa milimita chache kutoka jani lile lile, uende nao. Ukiwa mdogo hivyo, mikazo mingi inafunguka, na huo ndio unakupa sifuri. Usitumie grenda: moto wake unaongeza mikazo mingine. Tafuta karakana inayokata kwa waya unaotoa cheche za umeme, hata kama itakubidi ulisafirishe jani mpaka Dar.

Na kama ni kipande cha kuungwa kwa kuchomelea, mchemraba mmoja hautoshi, maana kemia inabadilika kutoka kwenye uungio hadi pembeni, na sifuri inabadilika nayo.

Jingine: kuhesabu nyutroni kunachukua dakika, wakati mwingine nyingi, na chuma kilichokwisha kulegea hakikai kimya kikikusubiri. Punguza mzigo kidogo kutoka kileleni kabla ya kuanza kuhesabu, na uandike umepunguza kiasi gani. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili.

Usipange pia kuondoka na sampuli jioni ile ile. Springi ina manganisi, na manganisi ikishapigwa na nyutroni hutoa mionzi, ikipungua nusu kila baada ya saa mbili na nusu hivi. Kipande hakitoki mpaka watu wa maabara wakipime waridhike.

Niliporudi mjomba aliniuliza springi yake iko wapi. Nikaanza kumweleza habari za mionzi, akanikatisha: "Mjomba, mimi nilitaka kuiuza chuma chakavu tu."