Kwa mnaoanza kupokea malalamiko dhidi ya polisi

Wadogo zangu mnaoanza usaidizi wa kisheria hapa Tanga, mtu wa kwanza atakayekuja kwenu kulalamika kwamba amepigwa na askari hatakuja na karatasi. Atakuja anachechemea, ameshikwa mkono na mama yake au na mwenzake wa kijiwe cha bodaboda, na shida yake kubwa siku ile ni kupata mtu wa kumsikiliza. Mpeni kiti, mpeni maji, mwacheni aseme mpaka amalize, ndipo mshike kalamu.

Mimi nilianza kwa kosa, na kosa lenyewe lilimponza mtu. Kijana mmoja wa Makorora alinijia siku ya tatu baada ya kutoka mahabusu. Alisema alipigwa kwa mkanda, upande wenye chuma. Mimi nikaandika kwa maneno niliyoyaona ya kisheria: "alishambuliwa kwa kitu butu sehemu mbalimbali za mwili." Miezi ikapita, akaitwa kuhojiwa, akasema mkanda. Karatasi inasema kitu butu. Aliyemhoji akaandika kwamba mlalamikaji anajichanganya. Kijana hakujichanganya, mimi ndiye niliyemgeuzia maneno, na lile lalamiko halikusimama tena. Tangu hapo naandika maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani mwake. Akisema "walinikanyaga mbavu kwa mabuti", inaandikwa hivyo hivyo. Kisha namsomea, anasahihisha, anatia sahihi au dole gumba.

Kuweni makini sana na saa. Mlalamikaji atakwambia alikamatwa saa tatu usiku. Kitabu cha kituo kimeandika 2100. Msaidizi mgeni akiandika "saa 3:00" bila kuongeza neno, kesho mtu mwingine ataisoma kuwa ni alfajiri. Andikeni zote mbili. Si jambo dogo, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka muda wa msingi wa saa 4 wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na kumtaka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hakupewa dhamana. Ukikosea saa ya kukamatwa, umekosea hesabu yote.

Sasa mwili wa mtu. Jeraha halingoji barua zetu. Uvimbe hushuka, na kwenye ngozi nyeusi mchubuko huweza usionekane vizuri hata siku ya kwanza, ingawa ukipagusa mtu anaruka. Pigeni picha siku hiyo hiyo, kwa ridhaa yake: moja ya mbali inayoonyesha ni nani, nyingine ya karibu yenye rula au sarafu kando ya jeraha ili ukubwa ujulikane. Uliza kama alipigwa nyayo. Watu wengi hawasemi kuhusu nyayo mpaka waulizwe. Umoja wa Mataifa una mwongozo wa kuchunguza mateso uitwao Itifaki ya Istanbul, wa mwaka 1999, uliohuishwa 2022, na kuna jambo moja humo ambalo napenda mlishike: kutokuwepo kwa alama mwilini si ushahidi kwamba mtu hakuteswa.

Hapa ndipo PF3 inapotutesa. Fomu hiyo hutolewa na polisi, daktari akajaza alichokiona. Fikirini mtu aliyepigwa kituoni anaambiwa arudi kaunta ile ile kuomba fomu. Wengine huamua kulala nyumbani na maumivu. Ninachofanya ni kumsindikiza kituo kingine, au kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na sisubiri huko wakati mtu anavuja damu: matibabu yatangulie, iwe hospitali ya Bombo au zahanati iliyo karibu. Mwombeni daktari aandike mambo mawili, alichokiona na kama kinaafikiana na maelezo ya mgonjwa. Hilo la pili husahaulika mno.

Bibi mmoja wa Ngamiani, mjukuu wake akiwa amevunjwa mkono, nilimweleza kwamba barua yetu itaanzia kwa mkuu wa kituo. Akanitazama: "Mwanangu, kesi ya nyani unampelekea ngedere?" Nilikosa la kumjibu, kwani alikuwa amesema kwa pumzi moja jambo ambalo nchi nyingi zimelitungia sheria. Mchunguzi asiwe chini ya amri ya anayechunguzwa, wala asiwe mtu wa meza moja naye.

Barua kwa mkuu wa kituo, kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) au kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) ipelekeni, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Lakini msiishie hapo. Tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyotajwa katika Ibara ya 129 ya Katiba na kuundiwa Sheria Na. 7 ya 2001, ikachukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyokuwapo tangu miaka ya 1960. Kulalamika huko hakulipiwi. Tume inaweza kuita watu na kudai nyaraka. Waelezeni wateja ukweli wote, hata hivyo: mwisho wa uchunguzi Tume hutoa mapendekezo, haimfungi mtu, na haichunguzi shauri lililoko mahakamani. Kwa hiyo kabla hamjaandika, ulizeni kama mlalamikaji mwenyewe amefunguliwa kesi, na inahusu nini.

Ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya mambo ni tofauti. Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ilipitisha Sheria Na. 35 ya 2011 iliyounda IPOA, mamlaka ya kiraia ya kusimamia polisi tu, na askari wanawajibika kuiarifu mtu akifa au kujeruhiwa vibaya mikononi mwao. Haijamaliza ukatili huko, lakini bibi wa Ngamiani angekuwa na mlango wa kubisha. Sisi Septemba 2024 tulimzika hapa Tanga Ali Mohamed Kibao wa Chadema, aliyeshushwa na watu wenye silaha kwenye basi akija huku, mwili wake ukakutwa Ununio, Dar es Salaam. Rais aliviagiza vyombo vya uchunguzi vimpe taarifa, chama chake kikadai uchunguzi huru. Mjadala ule wote ulikuwa juu ya swali la bibi. Naamini kwa dhati tunahitaji chombo cha namna hiyo, na kila faili mtakalolitunza vizuri ni hoja ya kukidai.

Askari naye asikilizwe, na msimwandike kuwa mkosaji kabla ya uchunguzi. Andikeni "anadai". Nimewahi kusaidiwa na askari aliyekubali kueleza nani alikuwa zamu usiku ule, wakati majirani wote walisema hawakuona kitu.

Wengi watarudi kwenu kufuta lalamiko. Familia imekaa, imepewa fedha ya dawa, wazee wamesema yaishe nyumbani, au mtu anaogopa tu kwa sababu kituo kiko mtaani kwake na anapita hapo kila siku na pikipiki yake. Msiwagombeze. Andikeni sababu kwa maneno yao, waombeni ridhaa ya kulitunza faili, na mwachieni mtu namba yenu. Mama mmoja alinirudia baada ya mwaka na nusu, mwanawe akiwa tayari sasa kusema, na picha zile za siku ya kwanza zilikuwa bado zipo.