Ukipata tiketi ya fainali, soma hii kwanza

Kila timu ya kwetu inapokaribia fainali ya Afrika, utasikia swali lile lile: niende uwanjani au nibaki na televisheni? Mimi nasema nenda. Lakini nenda ukiwa umeshapiga hesabu ya kufungwa, maana mashabiki wengi tunapiga hesabu ya kombe peke yake, hiyo nyingine tunaiona uchuro.

Niseme mapema kwamba mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga. Asiyetaka habari za Jangwani, kwetu Yanga, aishie hapa. Jumapili ya Mei 28, 2023 nilikuwepo kwa Mkapa, ule uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, Yanga ilipoikaribisha USM Alger ya Algeria kwenye mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tulifungwa 2-1. Nimeshaona Yanga ikifungwa mara nyingi tu, lakini fainali inauma kwa namna yake, na uchungu wake hauishi siku ile.

Na hatukwenda pale kubahatisha. Timu ya kocha Nasreddine Nabi ilitolewa Ligi ya Mabingwa na Al Hilal ya Sudan, ikaangukia Shirikisho, na huko ikawaka. Ilikwenda Tunis ikaifunga Club Africain kwao. Ikaongoza kundi lenye TP Mazembe na US Monastir. Ikaenda Nigeria ikaipiga Rivers United 2-0, halafu ikaishinda Marumo Gallants nyumbani na ugenini. Mshambuliaji wetu Fiston Mayele alikuwa anatetema, ile staili yake ya kushangilia goli, kila tukigeuka. Ikulu nayo ilikuwa inanunua magoli, yaani Rais Samia alitoa fedha kwa kila goli, lile "goli la mama". Kwa mwendo ule, nani angekaa chini kuwaza kushindwa?

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: zijue kanuni kabla hujafika getini. Fainali ya Shirikisho mwaka ule ilichezwa nyumbani na ugenini, na CAF, wasimamizi wa soka Afrika, walikuwa bado wanatumia goli la ugenini (jumla ikiwa sare, aliyefunga mengi ugenini ndiye anapita), ingawa Ulaya UEFA walishaliondoa tangu 2021. Maana yake, ukianzia nyumbani, kila goli unalofungwa kwako lina uzito kuliko lile unalofunga. Jioni ile nikitoka uwanjani, njia nzima hadi Uhasibu nilikuwa nasikia watu wakifarijiana: "Kule tunawapiga moja bila, tunabeba." Hapana jamani. Moja bila ingefanya jumla 2-2, na wao wana magoli mawili ya ugenini, sisi moja. Tulitakiwa kushinda 2-0, au 3-2, au zaidi. Mtu asiyejua hilo anaumia mara mbili, maana anakuja kushangilia ushindi ambao haumpi kitu.

Sasa nije kwenye zile dakika mbili, kwa sababu ndizo zilizonifanya niandike.

Aymen Mahious alitufunga dakika ya 32. Uwanja haukukata tamaa, uliendelea kuimba, na kipindi cha pili sauti ilikuwa moja tu: nendeni mbele. Kila beki wetu akirudisha mpira kwa kipa, watu wanazomea. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha. Sijui niielezeje. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, mtu mzima kabisa, amekaa kimya mechi nzima na redio yake sikioni, aligeuka akanikumbatia kwa nguvu hadi redio ikaniparua shavu. Kofia yangu ikaanguka. Nikainama chini ya kiti kuitafuta katikati ya miguu ya watu na maganda ya karanga, na nikiwa huko chini nikasikia kelele zimekatika. Nilipoinuka, wachezaji wa USM Alger walikuwa wamerundikana pembeni ya uwanja. Ilikuwa dakika ya 84, Islam Merili ameshafunga la pili. Goli hilo mpaka leo nimeliona kwenye marudio tu.

Sasa tazama kilichofuata. Juni 3 kule Algiers, Djuma Shaban akafunga penalti dakika ya 7, na matokeo yakabaki hivyo hivyo hadi mwisho. Yanga ikashinda fainali ugenini na kombe ikalikosa. Kwa hesabu kavu, ile mechi ya kwa Mkapa ingeisha 1-1, jumla ingekuwa 2-1 kwetu. Wengine watakwambia mpira hauchezwi kwa kujumlisha, kwamba USM Alger wangecheza tofauti Algiers kama wangehitaji goli. Sawa, nakubali. Ila bado naamini kombe lile lilipotelea kati ya dakika ya 82 na ya 84, wakati sisi watu elfu kadhaa tunasukuma timu ikatafute la pili badala ya kuiacha ivute pumzi.

Ndiyo maana nasema, timu yako ikisawazisha nyumbani kwenye mkondo wa kwanza, shangilia, lakini jicho libaki uwanjani. Acha kuwazomea mabeki wanaopoza mpira. Shabiki anaijua kazi ya kuamsha timu. Kazi ya kuituliza hatujajifunza, na kwenye fainali ndiyo inayohitajika zaidi.

Mengine ni ya kawaida ila usiyapuuze. Tiketi kata mapema kwenye kadi yako, usingoje walanguzi wa siku ya mechi. Na fika mapema, tena mapema kweli. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, na siku ya fainali wote wanataka kupita geti saa ile ile. Siku ile kulitokea msongamano, mtu mmoja akapoteza maisha na wengine wakajeruhiwa. Sisi wengine tuliokuwa ndani tulikuja kujua baadaye. Ukikuta watu wanasukumana getini, rudi nyuma, kaa pembeni, hata ukikosa nusu saa ya mwanzo. Watoto wadogo wapeleke mechi za ligi, fainali waachie wakubwa.

Wakati wa kutoka, usitoke dakika ya 85 kwa hasira. Kaa. Ukishafungwa, watu hutoka kwa makundi, wamenuna, wanakanyagana bila kuangaliana, na daladala zimejaa hata kabla hujafika barabarani. Mimi nilibaki kitini hadi jukwaa likapungua. Nikawaangalia wachezaji wa USM Alger wakiwapigia makofi mashabiki wao wachache, na nikawapigia makofi na mimi. Walicheza kwa akili. Kocha wao, Abdelhak Benchikha, miezi michache baadaye alitua Simba, watani wetu wa jadi, kwa hiyo unaweza kusema alituudhi mara mbili.

Mkondo wa pili kama hukusafiri, nao uuchagulie mahali. Mimi nilikwenda kibanda umiza mtaani, banda la kuonyeshea mpira, na sijutii, ingawa joto lilikuwa la kuiva. Goli la Djuma liliingia mapema mno. Ikabidi tukae karibu saa moja na nusu tukisubiri moja tu lingine ambalo halikuja. Mechi za namna hii usitazame peke yako nyumbani. Utakosa wa kulalamika naye, na kulalamika ni nusu ya dawa.

Limebaki la watani. Hapa hakuna ujanja, watakusema tu. Shemeji yangu ni Simba wa damu, na refa alikuwa hajamaliza kupuliza filimbi simu yangu ikaanza kulia. Nakushauri upokee. Ukizima simu unampa ushindi wa pili, na kesho yake atakuja mwenyewe nyumbani, tena asubuhi. Pokea, cheka kidogo, mwulize wao fainali ya Afrika walicheza lini. Wakati ule alilazimika kurudi hadi 1993, Simba ilipofungwa 2-0 hapa hapa Dar es Salaam na Stella Abidjan kwenye Kombe la CAF.

Halafu ikafika Mei 2025, zamu yao kwenye fainali hiyo hiyo ya Shirikisho. Wamefungwa 2-0 kule Morocco na RS Berkane, marudiano yakachezwa Amaan, Zanzibar. Joshua Mutale akawapa matumaini dakika ya 17, Yusuf Kagoma akala kadi nyekundu kipindi cha pili, na dakika za nyongeza wageni wakasawazisha, 1-1. Shemeji alikuwa amevuka na boti kwenda kuangalia. Nilimwacha alale kwa amani usiku ule, kwa sababu najua kiti cha fainali kilivyo mkishafungwa. Saa moja asubuhi nikampigia, na nashukuru alipokea.