Cheti cha kwenda Mahakama ya Rufani hakina bei

SWALI: Wakili, shikamoo. Shauri letu la mirathi ya baba lilianza Mahakama ya Mwanzo huku Sengerema, likaenda Wilaya, na wiki mbili zilizopita tumeshindwa Mahakama Kuu Mwanza. Bwana anayetuandikia karatasi anasema kibali cha kwenda Rufani kilifutwa, hivyo tutafute mashahidi wapya na laki nane, yeye ana mtu wake masjala. Majaji wa Rufani huangalia nini hasa?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo laki nane msiitoe.

Bwana huyo amechukua habari ya kweli akaifanya chambo. Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, ilirekebishwa mwaka 2023, na kibali kikaondolewa katika mashauri ya madai. Lakini lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, kama lenu, bado linadai cheti kwamba lina hoja ya kisheria. Cheti hicho hutolewa na Mahakama Kuu, kwa maombi. Rufaa ikifika Rufani bila cheti inaondolewa, hata kama haki ilikuwa yenu.

Linaloniumiza zaidi ni hao mashahidi wapya. Kila wiki nakutana na familia iliyouza ng'ombe au mtumbwi ikiamini Rufani ni mahali pa kuanza kesi upya. Sivyo. Majaji watatu husoma kilichoandikwa huko chini. Ushahidi wa nyongeza hupokelewa kwa nadra sana, kwa sababu nzito. Kama hakimu alimwamini shangazi kuliko kaka yenu, na mahakama mbili za juu zikaafiki, kumuamini shangazi si hoja ya kisheria. Hoja ni kama vile mahakama kukosa mamlaka, mrithi kuhukumiwa bila kusikilizwa, mali kugawiwa kwa sheria isiyomhusu marehemu, au ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu kueleweka visivyo hadi haki ikapotea. Tena Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba jaji anayeombwa cheti lazima aipime hoja yenyewe, asipitishe tu orodha ya malalamiko.

Mmebakiwa na siku chache. Taarifa ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mpinzani apewe nakala ndani ya siku 14. Katika siku hizo hizo 30, andikeni barua kuomba nakala za mwenendo na hukumu, na mpinzani apate nakala ya barua hiyo. Vishoka, yaani watu wanaofanya kazi ya uwakili bila kuwa mawakili, huiruka barua hii, kisha siku 60 za kuleta rufaa zinaisha familia ikiwa bado inasubiri nakala.

Na vishoka hawaishii hapo. Rufani ikishaamua, wanarudi na "marejeo". Mahakama hiyo huweza kuipitia hukumu yake yenyewe, ndiyo, ila kwa sababu tano tu: kosa la wazi lililopoteza haki, mtu kutosikilizwa, hukumu kuwa batili, kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika hakumo.

Anayekuandikia karatasi bila kuweka jina lake kama mwandaaji, muulize kwa nini. Kisha litafute jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujampa hata nauli.