Mkono kuishiwa nguvu bila ganzi wala maumivu: tuliyoyaona kwa baba mwenye ALS

Mkuu, pole kwa kuuguliwa. Umesema mkono wa kulia wa mama unalegea tangu mwaka jana, nyama ya kidole gumba imepungua, na mmeambiwa ni kiharusi. Nimemuuguza baba kwa ALS (ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli kidogo kidogo) mpaka mwisho, ndiyo maana maelezo yako yamenishtua. Sisemi mama anao, hapa hatupimi mtu. Ila kiharusi huja ghafla. Udhaifu unaotambaa mwezi hadi mwezi unataka kuangaliwa upya.

Kwa baba ilianza na vifungo vya shati, kisha ufunguo. Alishindwa kuuzungusha, tukadhani kitasa kibovu. Hakuwa na ganzi wala maumivu, na hilo naliona kubwa kuliko yote: ALS huua neva zinazoamrisha misuli, zile za kuhisi huziacha. Akivua shati, ungeona nyama za bega zinarukaruka chini ya ngozi kama manyunyu juu ya maji. Kurukaruka peke yake kusikutishe, wengi hutokewa wakichoka. Shida ni pale kunapoandamana na misuli kukonda na nguvu kupungua. Daktari alipomgonga goti kwa kinyundo, mguu uliruka kupita kiasi, na huku mkono umekonda. Hapo ndipo akaandika kipimo cha umeme wa neva na misuli.

Mpelekeni kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na msiruke picha ya MRI ya shingo, na vipimo vya vitamini B12, tezi ya shingo na VVU. Yapo magonjwa yanayofanana na huu na yana tiba.

Baadaye mguu ukafuata, kandambili haikai, anajikwaa kizingitini. Kisha sauti ikawa ya puani. (Wengine huanzia hapo hapo kwenye ulimi.) Chai ikawa inampalia kuliko ugali, tukahamia uji mzito. Akawa analia au kucheka bila sababu, majirani wakasema karogwa. Ulikuwa ugonjwa tu. Baba alikuwa na akili zake timamu na alisikia kila neno walilosema, naumia hadi leo nikikumbuka. Ila wapo wengi ambao fikra na tabia nazo hubadilika kiasi.

Kaeni macho sana na pumzi. Huanza usiku: hawezi kulala chali, anaongeza mito, anaamka na kichwa kinauma, mchana anasinzia. Misuli ya kupumua imechoka na hewa chafu inabaki mwilini. Ikithibitika ni ALS, ulizeni mapema mashine ya kupumulia yenye barakoa, na mrija wa chakula wa tumboni, maana kuuweka pumzi ikiwa imeshadhoofika ni hatari zaidi.

Dawa ya riluzole huongeza miezi kadhaa ya kuishi, haiponyi. Wanaowauzia unga wa kuponya wanakula hela yenu. Wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili zianze, ingawa mmoja kati ya kumi hivi huvuka 10. Mwanasayansi Mwingereza Stephen Hawking aliambiwa anao mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akafariki 2018.

Kabla ya kliniki, mrekodi mama kwa simu misuli inaporuka, na andika kila kitu kilianza mwezi gani. Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuumwa hivi, mtajieni daktari, kwani hadi mgonjwa mmoja kati ya kumi huurithi.